KATANI NDANI YA SIMITI

Usidanganywe na ugumu wa zege. Zege, yaani mchanganyiko wa simiti, mchanga, kokoto na maji, lina nguvu za upande mmoja tu. Ukilikandamiza kwa mzigo litavumilia, hata ukilipandishia ghorofa. Ukilivuta au kulipinda, lah! Nguvu zake za kuhimili mvuto ni kama sehemu moja tu kwa kumi ya zile za kuhimili mgandamizo. Ndiyo sababu mafundi huzika vyuma ndani yake. Mtunza bustani mmoja Mfaransa, Joseph Monier, aliandikisha uvumbuzi wa namna hiyo mwaka wa 1867, naye shida yake ilikuwa vyungu vya maua tu.

Sasa, chuma hulala mahali kilipowekwa, lakini ufa huanza popote. Zege changa likipoteza maji hujikunyata, na vijiufa vyembamba kama unywele hutokea. Hapo ndipo nyuzi zina kazi. Zikikatwa fupi fupi na kutawanywa kote, kila ufa unaoanza hukuta uzi umelala njiani. Uzi huo hushikilia kingo mbili za ufa kama mshono unavyoshikilia kitambaa. Mzee aliyekandika nyumba kwa udongo uliochanganywa na nyasi alilijua jambo hili bila kuingia darasa la fizikia.

Mimi nilijaribu kwa katani. Nilifumua kipande cha kamba, nikakata nyuzi za sentimita mbili hivi, nikatengeneza vigae viwili vya simiti na mchanga, kimoja chenye nyuzi na kingine kitupu. Nikavimwagilia maji siku saba. Kile kitupu nilipokikanyaga katikati kilikatika vipande viwili, ka! Cha katani kilipasuka pia (msitarajie miujiza), lakini hakikuachana. Nyuzi zilionekana katika ufa kama meno ya kitana, zimekishikilia. Tofauti hiyo si ndogo. Kitu kinachokuonya kabla ya kuanguka hukupa nafasi ya kutoka mbio.

Katani tunayo, nenda Thika, Voi au Kilifi uone. Asili yake ni Mexico, naye Mjerumani Richard Hindorf aliileta Tanganyika mwaka wa 1893. Katika miaka ya 1980 vigae vya simiti na katani vilitengenezwa humu Kenya, vikitarajiwa kuwa rahisi kuliko mabati. Basi shida ikawa wapi? Simiti ina ukali wa alikali, na ukali huo huzila nyuzi za mimea polepole mpaka zikatike zenyewe. Baada ya miaka kadhaa kigae huwa sawa na kile changu kitupu. Dawa mojawapo ni kupunguza simiti kidogo na kutia majivu ya maganda ya mpunga, ambayo huutuliza ukali huo.

Uzi uliowahi kuzishinda nyuzi zote ni asbesto. Hauozi wala hauungui, na shule nyingi ziliezekwa kwa mabamba yake. Lakini vumbi lake likiingia mapafuni huleta kansa, pengine baada ya miaka 20 au hata 40. Kanuni za taka za Kenya za mwaka wa 2006 ziliihesabu kuwa taka hatari. Kwa hivyo, ndugu zangu, paa la namna hiyo likivunjika msilipige mawe wala kulifagia kavu!

Siku hizi wajenzi wakubwa hutumia nyuzi za chuma, kioo na plastiki. Za plastiki zina ajabu yake. Moto ukiwaka huyeyuka na kuacha vijitundu vya kupitishia mvuke, la sivyo mvuke uliofungiwa hulibandua zege kwa kishindo. Ndivyo kuta zilivyobanduka vibaya katika moto wa Novemba 1996 kwenye njia ya reli iliyo chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa.

Juzi nilimsikia mtu anayeongeza ghorofa mtaani kwetu akimwambia fundi ati apunguze vyuma kwa kuwa atatia nyuzi. Jamani! Chini ya ghorofa hiyo watu watalala. Nyuzi fupi huzuia nyufa ndogo. Uzito ulio katikati ya boriti hubebwa na vyuma virefu vilivyolazwa upande wa chini, ambako zege huvutwa. Fundi alikataa katakata, akaweka vyuma vyote kama mhandisi alivyochora. Nyuzi alizitia kwenye plasta ya ukutani.