Uzi, Kidole na Baisikeli Kuukuu

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mtakaomaliza shule mwaka huu na kurudi nyumbani Busia au Tororo, nataka kuwaeleza jambo litakalowaokolea fedha, na pengine mifupa.

Sisi watu wa mpakani twaijua thamani ya baisikeli. Ni hapa Busia, katika miaka ya 1960, ndipo vijana walipoanza kupakia abiria na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka mpaka wa pili, wakiita, "Boda! Boda!" Siku hizi pikipiki zimelichukua jina hilo, lakini baisikeli ya chuma bado yabeba watu na magunia. Zisifiwazo sana ni zile nzito za zamani, kama Raleigh za Nottingham, Uingereza. Kiwanda kile kilifungwa mwaka wa 2002. Kwa hiyo ukiona moja inauzwa, ujue imekwisha kutumika miaka mingi, na huenda iligongwa.

Likizo iliyopita nilifuatana na mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kupakia abiria, kwenda kutazama moja. Rangi nyeusi iling'aa, na kengele ililia vizuri.

Mjomba akauliza, "Ndugu, hii haijapata kugongwa?"

Mwenyewe akajibu, "La, mzee, ilikuwa ya mwalimu tu."

Mjomba hakubishana naye. Alitoa uzi mfukoni.

Aliufunga uzi nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa upande wa kulia, akauzungusha mbele ya shingo ya fremu, kisha akaurudisha nyuma upande wa kushoto na kuukaza. Halafu akapima nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikiwa sawa, fremu imenyoka. Zikipishana milimita mbili au tatu, si neno kubwa. Zikizidi hapo, sehemu ya nyuma imepinda upande, nayo baisikeli itamvuta mwendeshaji kando siku zote.

Uzi ulionyesha sawa kabisa. Mimi nikafurahi, lakini mjomba akasema, "Ngoja, mwanangu. Uzi hauoni kila kitu."

Kweli. Baisikeli ikigonga ukuta au gari kwa mbele, shingo husukumwa nyuma bila kwenda kulia wala kushoto, na uzi hauwezi kuonyesha hayo. Hapo hutumika kidole. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini, karibu na shingo. Ukigusa kivimbe au mkunjo, hata kama rangi ni mpya, fremu imegongwa. Tazama tena foki kwa ubavuni: miguu yake hupinda kwenda mbele. Ikiwa imerudi nyuma na gurudumu limekaribia mno bomba la chini, hiyo ni dalili ya pili.

Je, haiwezi kunyoshwa? Iliyopinda upande tu, pasipo mkunjo, fundi hodari aweza kuinyosha, kwa maana chuma hiki hukubali kupinda. Lakini chukua waya, uupinde na kuunyosha mara nyingi: utakatika. Bomba lenye mkunjo hufanya vivyo hivyo, kidogo kidogo, kwa kila shimo la barabara na kila kilo ya mzigo.

Kidole cha mjomba kilisimama chini ya bomba. Akanishika mkono nami nikagusa: mkunjo mdogo, umefunikwa kwa rangi. Mjomba akamshukuru yule mtu, tukaondoka kwa miguu.

Njiani akanieleza kwamba baisikeli yake ya kwanza ilikuwa na mkunjo kama ule. Ilikatika shingoni mteremkoni, na abiria wake, mama mmoja aliyekuwa akienda sokoni, akavunjika mkono. "Fedha zangu nilizisahau," akasema. "Mkono wa yule mama sijausahau."

Basi, ndugu zangu, msinunue rangi. Nendeni na uzi, na kidole msikisahau.