Seti ya Soketi na Racheti Nyumbani



Mvua za kwanza Misungwi huanza kunyesha mwezi wa Oktoba au Novemba. Udongo ukilainika, kila mwenye plau na ng'ombe hutaka kulima upesi. Kila siku ya wakati huo ni mali.

Tuseme asubuhi moja nati ya plau imelegea shambani. Spana inayofaa haipo. Mkulima anajaribu kuikaza kwa koleo. Koleo linateleza na kula pembe za nati. Baada ya muda nati inakuwa mviringo kama kokoto, wala haishikiki tena kwa spana yo yote. Sasa ni lazima fundi aikate. Itanunuliwa bolti nyingine na nati nyingine. Ng'ombe wamesimama, na siku imepita bure.

Plau haikuwa mbovu. Hasara imetokana na kukosa spana ya kipimo sawa.

Mambo ni hayo hayo kwa baiskeli, mkokoteni, pikipiki, mashine ya kusaga na pampu ya maji. Vyote vimefungwa kwa nati na bolti. Kwa hiyo inafaa kila nyumba iwe na spana zake. Si lazima kununua seti kubwa ya bei kubwa. Unaweza kuikusanya kidogo kidogo. Lakini seti itakufaa ikiwa tu utaitunza isipotee na isishike kutu.

1. SOKETI NA RACHETI NI NINI?

Soketi ni kipande kifupi cha chuma chenye tundu mbili. Mafundi wengine huiita boksi. Tundu moja huingia kwenye nati na kuishika pande zote. Tundu la pili ni la mraba. Hapo ndipo mpini unapoingia.

Racheti ni mpini wa kuzungushia soketi. Ndani ya kichwa chake mna gurudumu dogo lenye meno. Kando ya gurudumu pana ulimi mdogo wa chuma unaosukumwa na springi. Ukizungusha upande mmoja, ulimi hukamata jino na nati huzunguka. Ukirudisha mkono nyuma, ulimi huteleza juu ya meno na nati hubaki pale ilipo. Hivyo unaweza kukaza nati bila kuichomoa soketi kila mara.

Jambo hili si geni kwako. Friwili ya baiskeli hufanya kazi vivyo hivyo. Ukikanyaga pedeli kwenda mbele, gurudumu la nyuma huzunguka. Ukirudisha pedeli nyuma, unasikia kra-kra-kra na gurudumu halivutwi. Sauti hiyo ni ya ulimi unaoruka juu ya meno.

Faida ya soketi ni kwamba mpini mmoja hutumika kwa soketi nyingi. Mwaka 1920, huko Marekani, Joseph Johnson na mwenzake William Seidemann walianzisha kampuni ya Snap-on. Waliuza mipini 5 na soketi 10. Kila soketi iliweza kuingia kwenye kila mpini. Piga hesabu: 5 mara 10 ni 50. Vipande 15 tu vilifanya kazi ya spana 50.

2. PIMA NATI ZAKO KWANZA

Usianze na duka. Anza na nyumba yako. Chukua rula, kalamu na daftari. Pitia kila chombo chenye nati: plau, baiskeli, mkokoteni, pikipiki. Pima upana wa nati kutoka ubapa mmoja hadi ubapa wa upande wa pili. Usipime kutoka pembe hadi pembe, maana utapata kipimo kikubwa mno. Andika jina la chombo na kipimo chake.

Pima nati au kichwa cha bolti, usipime unene wa bolti. Bolti yenye unene wa milimita 8 inaweza kuwa na kichwa cha milimita 13. Bolti ya unene huo huo kwenye pikipiki au gari la Japani mara nyingi ina kichwa cha milimita 12.

Tazama pia kama nati ni ya milimita au ya inchi. Mashine nyingi za zamani zilizotoka Uingereza zilikuwa na nati za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Soketi ya 13 itaingia kwenye nati hiyo, lakini itacheza kidogo. Nati ikiwa imekaza sana, soketi inayocheza italiwa au itakula pembe za nati. Vipimo vingine vinakaribiana sana. Robo tatu ya inchi ni karibu sawa na milimita 19, na soketi ya 19 huitosha vizuri.

Kama huna hakika, fungua nati moja uende nayo dukani. Soketi nzuri huingia kwenye nati bila kulazimishwa, tena haichezi.

3. NUNUA KIDOGO KIDOGO

Wahenga walisema, "Haba na haba hujaza kibaba." Anza na vitu hivi:

(a) Racheti moja yenye kichwa cha mraba cha nusu inchi.
(b) Mpini mrefu usio na racheti, kwa nati zilizokaza sana.
(c) Kipande kimoja cha kurefusha, kwa nati zilizojificha ndani.
(d) Soketi zinazolingana na vipimo ulivyoandika.

Katika nyumba nyingi soketi za 10, 12, 13, 14, 17 na 19 hufanya kazi nyingi. Usinunue zote kwa siku moja. Mwaka huu, ukiuza pamba, dengu au mpunga, nunua racheti na soketi mbili unazozihitaji zaidi. Mwakani ongeza nyingine.

Mwenye pikipiki ataongeza soketi ndefu ya plagi. Plagi nyingi za pikipiki hutaka 16 au 18. Mvuvi mwenye injini ya mtumbwi mara nyingi atahitaji ya 21. Kijiji chenye pampu ya mkono ya aina ya India Mark II kitahitaji hasa spana za 17 na 19.

Soketi zote ziwe na tundu la mraba la kipimo kimoja. Kuna vichwa vya robo inchi, vya inchi tatu kwa nane na vya nusu inchi. Ukichanganya, soketi nyingine hazitaingia kwenye racheti yako.

Tazama pia ndani ya soketi. Nyingine zina pembe 6, nyingine zina pembe 12. Zenye pembe 6 hushika ubapa wa nati vizuri zaidi. Kwa nati za shambani zenye kutu, chagua za pembe 6.

Racheti iliyotumika si mbaya, lakini ijaribu kwanza. Zungusha kichwa chake kwa mkono pande zote mbili. Sauti iwe ya kufuatana. Kama ulimi unaruka jino, iache. Soketi yenye ufa, hata mwembamba kama unywele, usiinunue.

4. TENGENEZA SANDUKU LENYE NAFASI ZAKE

Soketi ni ndogo. Ikianguka kwenye majani au ikitupwa ndani ya gunia, haionekani tena. Soketi moja ikipotea, seti nzima ina pengo. Kwa hiyo kila kipande kiwe na nafasi yake.

Tengeneza sanduku la mbao lenye kifuniko. Mbao ziwe kavu, kwa sababu mbao mbichi huleta kutu. Ndani liwe na urefu wa sentimita 50, upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 12. Kama mpini wako ni mrefu zaidi, ongeza urefu.

Kisha tayarisha ubao wa soketi hivi:

(a) Chukua ubao wenye unene wa sentimita 2 unaoingia chini ya sanduku.
(b) Chora mstari kando ya ubao. Weka alama kila baada ya sentimita 5.
(c) Toboa tundu kwenye kila alama.
(d) Chonga vijiti vikavu vyenye urefu wa sentimita 5. Sentimita 2 ziingie ndani ya ubao, na sentimita 3 zibaki juu.
(e) Chonga sehemu ya juu iingie kwenye tundu la mraba la soketi bila kubana. Unene wa milimita 11 unatosha kwa soketi za nusu inchi.
(f) Panga soketi juu ya vijiti kutoka ndogo hadi kubwa.
(g) Andika namba ya kila soketi kwa rangi mbele ya kijiti chake: 10, 12, 13, 14, 17, 19.

Weka pia vijiti vya soketi ambazo hujazinunua, na andika namba zake. Kijiti kitupu kitakukumbusha kitu cha kununua.

Laza racheti na mpini kwenye nafasi iliyobaki. Chora umbo la kila kimoja kwa kalamu ili kirudishwe pale pale. Kazi ikiisha, fungua sanduku utazame. Kijiti kikiwa kitupu, rudi shambani ukatafute kabla giza halijaingia. Usiseme utatafuta kesho.

5. ZUIA KUTU

Chuma kikipata maji na hewa hushika kutu. Katika vijiji vya kando ya ziwa, kama Kigongo, hewa ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika. Fanya hivi:

Baada ya kazi, futa matope na jasho kwa kitambaa. Paka oili nyembamba ya mashine, halafu futa ibaki kidogo tu. Usitumie mafuta ya kupikia, kwa sababu baadaye huganda na kunata, na ulimi wa racheti utakwama.

Usiweke sanduku juu ya sakafu ya udongo. Liweke juu ya rafu au mawe, mahali pasipovuja. Usiliweke karibu na chumvi, mbolea ya dukani au betri ya gari. Vitu hivyo hula chuma upesi. Liwe mbali na watoto wadogo.

Racheti ikijaa mchanga, ifungue kama ina parafujo, ioshe kwa mafuta ya taa, ikaushe na kuipaka grisi kidogo. Fanya kazi hiyo mbali na moto. Angalia mahali springi ilipokaa kabla ya kuitoa, maana huruka.

6. TUMIA KWA UANGALIFU

Racheti ni ya kuzungusha upesi. Si ya kuvunja kutu. Ukivisha bomba kwenye racheti ili kupata nguvu zaidi, meno yake yatavunjika. Nati iliyoshika kutu isugue kwa brashi, idondoshee oili, uiache hadi kesho yake. Kisha tumia mpini mrefu. Nati ikianza kulegea, ndipo uchukue racheti.

Vuta mpini kuja kwako, usisukume. Ukisukuma na soketi ikateleza, vidole vitagonga chuma. Usipige racheti kwa nyundo.

Kwa kawaida nati hukaza ukizungusha kufuata mshale wa saa, na hulegea ukirudi kinyume. Lakini pedeli ya kushoto ya baiskeli ni kinyume cha hayo. Wengi wameiharibu kwa kutojua jambo hilo.

Kabla ya safari, kagua nati za magurudumu ya pikipiki na mkokoteni. Nati iliyolegea inaweza kuondoa uhai wa mtu.

7. KUAZIMANA KWA DAFTARI

Kijijini hatuwezi kunyimana vitu. Jirani akija na kusema, "Ndugu, naomba soketi ya 17," atapewa. Lakini baada ya wiki mbili nani atakumbuka? Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Weka daftari ndani ya sanduku. Andika tarehe, jina la aliyeazima, kitu alichochukua na siku ya kurudisha. Mwazimaji aweke sahihi. Kitu kikirudi, weka alama ya vema. Hakuna atakayeona kwamba hukumwamini, kwa sababu kila mtu huandikwa, hata ndugu wa tumbo moja. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Watu watano pia wanaweza kuchanga na kununua seti moja. Wakifanya hivyo, wachague mtunzaji mmoja wa sanduku na daftari. Sasa unajua kusoma namba kwenye soketi na kuandika jina la aliyeichukua. Kujua huko kutazuia hasara shambani na ugomvi kati ya majirani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini koleo huharibu nati?
2. Friwili ya baiskeli na racheti zinafanana kwa jambo gani?
3. Nyumbani kwako kuna nati za vipimo gani? Pima nati tano na uandike.
4. Kwa nini tunaandika namba mbele ya kijiti kisicho na soketi?
5. Darasa lenu likinunua seti moja ya pamoja, mtaweka masharti gani ya kuazima?