Taa ya Kupigia Picha Ndani ya Nyumba Siku ya Ubatizo

Mtoto hubatizwa mara moja tu. Baada ya kanisa, jamaa hukusanyika nyumbani, bibi akampakata mjukuu, wazee wakatoa baraka. Mwaka ujao huenda mmoja wao asiwepo. Picha ya saa ile ikiharibika haiwezekani kupigwa tena. Kwa hiyo yafaa tujue mapema taa ya kuichagua.

Kule Dirma, na katika vijiji vingi vya Mbulu na Hanang, sherehe hizi hufanyika ndani. Tembe za kale za Wairaqw zilikuwa na giza hata mchana. Nyumba za leo zina madirisha, lakini Pasaka huangukia majira ya masika, mawingu hutanda, na huenda umeme ukakatika. Jicho la mtu huzoea giza. Kamera haizoei hivyo: hulazimika kufungua pazia lake muda mrefu, na mtu akitikisika kidogo, sura yake huvurugika. Ndipo tunapohitaji flashi. Hatusemi ile flashi ya kuhifadhia mafaili ya kompyuta, bali taa inayomweka ghafula wakati wa kupiga picha.

Zamani kazi hii ilikuwa ya hatari. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wenye magnesi uliowaka kwa kishindo na moshi. Mwaka 1929 zikatokea Ujerumani balbu za kutumika mara moja tu. Baadaye, kwa kazi ya Harold Edgerton wa Marekani iliyoanza mwaka 1931, ikaenea flashi ya umeme tunayoitumia sasa.

Kanuni ya kwanza ya mwanga ni hii: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika hupungua hata kubaki robo. Ndiyo sababu taa ndogo ya simu humwangazia aliye hatua mbili mbele, na wazee walioketi nyuma wakabaki gizani. Tena taa iliyo karibu sana na lenzi huyafanya macho ya watu yawe mekundu, kwa kuwa mwanga huingia jichoni na kurudi moja kwa moja katika lenzi.

Kwa nyumba ya kawaida, mwenye kamera na achague flashi ya kupachika juu ya kamera, yenye kichwa kinachogeuka. Taa kubwa za kusimamisha hutoa mwanga mzuri, lakini hula nafasi, na watoto huzikumba. Mwenye simu tu asikate tamaa: na awaketishe watu karibu na dirisha au mlango, naye asimame ubavuni mwa mwanga.

Kila flashi ina namba ya nguvu. Igawe kwa umbali wa mita, utapata namba ya tundu la lenzi. Mathalani, flashi yenye nguvu 40 kwa ISO 100, watu wakiwa mita 5, yataka tundu la 8. Wakiwa mita 10, tundu la 4. Ukipandisha ISO hadi 400, nguvu huwa kama 80.

Hesabu hiyo ni ya mwanga unaokwenda moja kwa moja. Lakini uzuri wa kichwa kinachogeuka ni kwamba waweza kuielekeza taa kwenye dari nyeupe, mwanga ukashuka kwa upole juu ya wote. Hapo mwanga mwingi hupotea, basi hapana budi kuongeza nguvu au ISO. Kama hakuna dari, ila mabati na boriti zenye masizi, tundika shuka jeupe ukutani, uelekeze taa huko. Usitumie ukuta wa udongo mwekundu, maana nyuso zitachukua rangi yake.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha mambo matatu. Kwanza, flashi ipatane na kamera yako; baadhi ya flashi kuukuu zina umeme mkali uwezao kuunguza kamera za siku hizi. Pili, itumie betri zinazopatikana dukani au za kuchajiwa, na uwe na seti ya akiba. Tatu, ujue kasi ya pazia isiyopaswa kuzidishwa, ambayo kwa kamera nyingi ni karibu 1/200 ya sekunde. Ikizidi, sehemu ya picha itakuwa nyeusi.

Mwisho ni adabu. Muulize padre au mchungaji mapema kama flashi yaruhusiwa kanisani, na nyumbani usiimulikie karibu macho ya mtoto mchanga. Wakati wa sala, izime. Jizoeze siku moja kabla, katika chumba kile kile na saa ile ile, ili siku yenyewe macho yako yawe kwa watu, wala si kwa vifungo vya kamera.