Saa za Kazi kwa Mfanyakazi Anayelala Kazini: Sheria Inavyosema kwa Mashamba ya Wanyamapori na Loji

Na Mwandishi Wetu

Katika shamba la wanyamapori lenye loji, siku ya kazi hupangwa na wanyama kabla ya kupangwa na meneja. Swala na pundamilia hulisha alfajiri, hutafuta kivuli jua likiwa kali, kisha huonekana tena jioni. Mgeni aliyesafiri kuja kuwaona hana budi kufuata mwendo huo, na mfanyakazi anayemhudumia mgeni hufuata vilevile. Matokeo yake ni siku yenye kazi nyingi pande zote mbili na pengo katikati. Kwa kuwa maeneo hayo yapo mbali na miji, mfanyakazi huishi humo humo, mwendo mfupi tu kutoka jikoni au karakana. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wengi husaini mkataba bila kuliuliza: mtu anayelala kazini, mapumziko yake huanza saa ngapi?

Kwa Tanzania Bara, jibu limo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na makala haya hayaihusu.

Ni vyema kuitazama kwanza kazi yenyewe. Mpishi wa zamu ya asubuhi huamka gizani ili chai, kahawa na mikate viwe tayari kabla ya gari la kwanza kuondoka. Dereva anayeongoza watalii huwa amekwisha kukagua matairi, mafuta, maji ya kunywa na redio ya mawasiliano. Mkaguzi wa uzio huondoka wakati huohuo, mara nyingi kwa miguu au baiskeli, akiwa na kipima umeme na panga. Kazi yake haionekani na wageni, lakini bila yeye hakuna shamba. Majani yanayogusa waya wa chini hunyonya umeme na kuufanya uzio kuwa dhaifu, hivyo hayana budi kufyekwa kila mara. Waya huohuo wa chini huua kobe na kakakuona. Kakakuona akiguswa na umeme hujikunja kujihami, na akijikunja juu ya waya huendelea kupigwa hadi afe. Mkaguzi mzuri huwahi kumwondoa. Humo njiani pia hutafuta mitego ya nyaya, nyayo za watu na mashimo yaliyochimbwa na ngiri au nguruwepori chini ya uzio. Wakati wa kiangazi huongezewa kazi ya malambo: pampu ya kisima ikisimama, wanyama hawawezi kuhamia mtoni kama wenzao wa hifadhini, kwa maana uzio umewafungia njia.

Mchana loji hutulia, lakini si kwa kila mtu. Dobi na wasafisha vyumba huwa katikati ya kazi, gari la vyakula huwasili, wageni wapya huletwa kutoka uwanja mdogo wa ndege. Jioni gari hutoka tena, chakula cha usiku huandaliwa, na mhudumu wa mwisho haondoki hadi mgeni wa mwisho asindikizwe chumbani na mlinzi.

Sheria inaweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku, saa 45 kwa wiki na siku 6 za kazi kwa wiki. Saa zinazozidi hapo ni za ziada. Hufanywa kwa makubaliano, hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, na haziruhusiwi kuzidi 50 katika kila wiki 4. Hata zikiwemo saa za ziada, mtu hapaswi kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Aliyefanya kazi saa 5 mfululizo anastahili kupumzika dakika 60. Kazi ya kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi ni kazi ya usiku, nayo huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Kanuni inayowagusa zaidi wakazi wa loji ni ile ya mapumziko ya kila siku. Kwa kawaida mfanyakazi anastahili saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Sheria inaruhusu saa hizo kupunguzwa hadi 8 iwapo kuna makubaliano ya maandishi, na iwapo kazi ya siku inakatwa na mapumziko ya angalau saa 3, au mfanyakazi anaishi katika eneo la kazi. Ni kana kwamba kifungu hicho kiliandikwa kwa kuifikiria loji. Mwajiri anaruhusiwa kuigawa siku vipande viwili, lakini kwa sharti la maandishi, na saa 8 ndizo sakafu. Kauli kwamba "hapa sote tunaishi pamoja, tunasaidiana" haichukui nafasi ya makubaliano hayo.

Tuchukue mfano wa mhudumu anayeanza saa 11:00 alfajiri hadi saa 5:00 asubuhi, kisha akarudi saa 10:00 jioni hadi saa 4:00 usiku, kwa siku 6. Tukitoa saa moja ya mapumziko katika kila kipande, amefanya kazi saa 10 kwa siku na saa 60 kwa wiki. Saa 15 kati ya hizo ni za ziada. Kwa wiki 4 zinakuwa 60, yaani zimevuka kikomo cha 50 hata kama zimelipwa zote. Saa 3 za kila siku ni za usiku na zina nyongeza yake. Zaidi ya hayo, kutoka saa 4:00 usiku hadi saa 11:00 alfajiri ni saa 7 tu, na hakuna karatasi inayoweza kuhalalisha saa 7. Ratiba ya namna hii ni rahisi kuipanga, kwa sababu mtu yuleyule yupo jirani asubuhi na usiku. Tiba yake ni rahisi vilevile: anayemsindikiza mgeni wa mwisho asiwe ndiye anayechemsha chai ya kwanza.

Pengo la mchana nalo lihesabiwe kwa haki. Mtu aliyeitwa kupokea mizigo katikati ya mapumziko yake yuko kazini, na mapumziko yaliyokatwa hivyo hayawezi kutumiwa kama hoja ya kupunguza usingizi wake wa usiku.

Ipo nafasi ya dharura. Sheria inaacha nje ya baadhi ya vikomo hivi kazi ya dharura isiyoweza kufanywa katika saa za kawaida. Mti ulioangukia uzio usiku wa mvua ni dharura. Mkaguzi akiamshwa, ataamka. Mgeni anayechelewa kula kila jioni si dharura, hiyo ni biashara ya kawaida na yapaswa kuandaliwa zamu. Vilevile kanuni za saa haziwahusu mameneja wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri, ingawa cheo cha "msimamizi" kilichoandikwa kwenye kitambulisho pekee hakimfanyi mtu kuwa meneja.

Baadhi ya loji humweka mfanyakazi kazini wiki kadhaa mfululizo, kisha humpa siku za kwenda nyumbani. Utaratibu huo una faida kwa mtu ambaye familia yake iko mbali, ila usifute haki nyingine. Mapumziko ya wiki ni saa 24 mfululizo. Kwa makubaliano ya maandishi yanaweza kuwa saa 60 mfululizo kila baada ya wiki 2. Anayekubali kufanya kazi ndani ya mapumziko hayo hulipwa mara mbili kwa kila saa. Likizo ya mwaka ya siku 28 ni kitu kingine kabisa.

Hesabu hii ina uzito pia katika usalama. Njia kutoka mabwenini hadi jikoni saa 11:00 alfajiri ni giza, na nyati au kiboko hajui kuwa mwenye haki ya njia ni mpishi. Mtu aliyelala saa chache huona na kusikia kidogo zaidi kuliko aliyepumzika. Akijeruhiwa, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hulipa fidia kwa ajali inayotokana na kazi na kutokea wakati wa kazi; mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake, si kwa kukata mshahara. Ajali iripotiwe mara moja, kwani haki ya fidia hupotea isipofikishwa kwenye Mfuko ndani ya miezi 12. Na ili ijulikane kwamba alikuwa kazini, ratiba ya zamu iliyoandikwa husaidia kuliko ushahidi wa marafiki.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, mwombaji asome maelezo ya maandishi ya ajira, ambayo mwajiri analazimika kuyatoa, na aangalie saa za kazi zimeandikwaje. Akiwa kazini, daftari dogo la saa ya kuanza na kumaliza linatosha. Mgogoro ukishindikana kumalizwa kazini, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA): ndani ya siku 30 iwapo ni wa kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine kama ya malipo. Siku hizo huhesabiwa hata kwa aliye porini, ambaye usafiri wa kwenda mjini hupatikana gari la vyakula linaporudi.