Laini Mkononi, Ngumu Ardhini

Motari, yaani mwendesha pikipiki, anaweza kuwa anakwenda polepole kuliko mtu wa baiskeli, anatafuta pa kupita kati ya madimbwi ya njia ya Kasongo kwenda Kabambare, mkoani Maniema, Kongo, tairi la mbele likateleza, na bado akavunjika goti. Watu husema ni bahati mbaya. Hesabu yake lakini iko wazi. Mtu anayeanguka na pikipiki ana miendo miwili kwa wakati mmoja. Mwendo wa mbele unategemea kasi ya pikipiki, na ndio unaochana suruali na kuchuna ngozi. Mwendo wa kushuka unategemea kimo tu. Goti au bega likianguka kutoka mita moja linagonga ardhi kwa karibu mita 4.4 kwa sekunde, yaani kilomita 16 kwa saa, iwe ni kwenye tope la Maniema au kwenye lami ya Ujerumani. Wa mbele unachuna, wa kushuka unavunja.

Ndiyo maana mashine inayopima kinga za nguo za pikipiki haina haja ya pikipiki. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 1621-1, kilichotolewa mwaka 1997 na kuandikwa upya mwaka 2012, kinataka chuma cha kilo 5 kiangushwe kwa nishati ya jouli 50, sawa na kimo cha mita moja na kidogo, juu ya kinga iliyolazwa kwenye fuawe yenye kichwa cha mviringo. Chini ya fuawe kuna kipimo kinachosoma nguvu iliyopenya. Wastani wake usipozidi kilonyutoni 35, kinga inapewa daraja la 1. Usipozidi 20, daraja la 2. Kilonyutoni moja ni karibu uzito wa gunia la mchele la kilo 100, kwa hiyo hata kinga iliyofaulu daraja la 1 inaweza kuruhusu uzito wa magunia 35 kufika kwenye mfupa, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwa uti wa mgongo masharti ni makali zaidi: 18 kwa daraja la 1, na 9 kwa daraja la 2.

Nguvu hiyo hupunguzwa kwa njia moja tu, kuirefusha safari ya kusimama. Jouli 50 zikimalizwa ndani ya milimita 2, wastani wa nguvu ni kilonyutoni 25. Zikimalizwa ndani ya milimita 10, ni 5. Mtengenezaji wa kinga anahangaikia milimita. Sponji la godoro linakupa milimita nyingi lakini linalala chini mara moja, mfupa ukagonga ardhi kama vile hakukuwa na kitu. Plastiki ngumu haisogei, inatawanya tu pigo, na motari anayekunja goti siku nzima anaivua kabla jua halijafika utosini. Kilichotafutwa kwa miaka mingi ni kitu kinachokubali kukunjwa wakati wa kutembea na kukataa kulala wakati wa kuanguka.

Mzizi wa kitu hicho ulipatikana katika Vita vya Pili vya Dunia. Japani ilipoyateka mashamba ya mpira ya Asia, Marekani ilianza kutafuta mpira wa maabara, na mwaka 1943 James Wright wa kampuni ya General Electric alichanganya asidi ya boroni na mafuta ya silikoni. Alipata donge la ajabu: ukiliacha mezani linatandazika kama uji mzito, ukilitupa linadunda, ukilipiga nyundo linapasuka. Halikufaa kutengenezea matairi, likaishia kuwa mchezo wa watoto. Huku kwetu uhaba ule ule wa mpira ulikuwa na sura nyingine. Mwaka 1942 serikali ya Wabelgiji iliongeza siku za kazi ya lazima kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na Wakongo wakarudishwa msituni kutafuta mpira wa porini, kazi ambayo wazee wao waliikumbuka kwa machungu. Sipendi hadithi ya uvumbuzi huu isimuliwe bila watu hao, kwa sababu vita vile vile ndivyo vilivyomsukuma Wright kwenye meza yake.

Ilichukua zaidi ya nusu karne mpaka donge lile lilipovalishwa nguo. Mwaka 1999 Mwingereza Richard Palmer alianzisha kampuni ya D3O, akaichanganya jamii hiyo ya silikoni yenye boroni na povu la poliyurethani ili isitiririke tena bali ikae katika umbo la goti au kiwiko. Mwaka 2006, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Torino, watelezaji wa theluji waliivaa ndani ya suti zao. Baadaye ikaingia kwenye majaketi ya pikipiki, na kampuni nyingine zikaja na povu zao zenye tabia hiyo hiyo.

Siri iko kwenye viungo visivyo vya kudumu. Silikoni ni minyororo mirefu ya molekuli, na hapa na pale chembe ya boroni hushikana na mnyororo wa jirani, ikaachia, ikashika mwingine, bila kupumzika. Ukiikunja pedi polepole, viungo vinapata nafasi ya kuachiana na minyororo inapishana. Pigo la ardhi huisha ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde. Viungo havina muda wa kuachia, kwa hiyo pedi nzima inasimama kama kipande kimoja, inalitawanya pigo kwenye eneo pana na kuigeuza sehemu ya nishati kuwa joto. Pigo likishapita, inalainika tena. Jikoni kuna kitu chenye tabia ya namna hiyo, ingawa ndani yake mambo ni tofauti: wanga mweupe unaotuama chini ya maji ya muhogo uliokunwa. Uchanganye na maji kidogo, uuingize mkono taratibu, halafu upige ngumi. Watoto wataelewa haraka kuliko maelezo yangu.

Kwa msomaji wa Kasongo, swali kubwa kuliko yote ni joto. Viungo vile vinaachiana upesi zaidi vinapopashwa moto. Kwa hiyo pedi iliyokaa juani ni laini zaidi, na inahitaji pigo la haraka zaidi ili isimame ngumu. Katika baridi kali mambo hugeuka, inakakamaa kama ubao. Kiwango cha Ulaya kinaipima kinga katika joto la kawaida la chumba. Kipimo cha digrii 40 na kile cha digrii 10 chini ya sifuri ni hiari ya mtengenezaji, na kinga iliyofaulu kwenye joto huandikwa T+. Kasongo iko karibu digrii 4 na nusu kusini mwa ikweta, na suruali nyeusi iliyoegemea injini saa saba mchana ina joto kuliko hewa inayoizunguka. Kwa maoni yangu, huku kwetu alama ya T+ isingekuwa hiari. Anayeagiza kinga kwa ajili ya wamotari wa Maniema aikatae isiyo nayo.

Je, kinga hizi zinaokoa watu kweli, au zinaokoa fuawe tu? Kasongo inalijua swali la namna hii kuliko miji mingi. Miaka ya 1970 Mradi wa Kasongo, chini ya Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ulifuatilia kama watoto waliochanjwa surua wanaishi kweli, au wanaponea surua na kufa kwa ugonjwa mwingine, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Kwa pikipiki, hesabu kama hiyo ilifanywa Australia na Liz de Rome na wenzake, waliowachunguza waendeshaji 212 waliopata ajali, wakatoa matokeo mwaka 2011. Waliovaa jaketi, suruali na glavu za pikipiki walilazwa hospitali mara chache zaidi, na penye pedi majeraha yalipungua zaidi. Lakini kilichopungua wazi ni michubuko na vidonda. Kuhusu mifupa kuvunjika, ushahidi ulikuwa dhaifu. Watafiti wengine wa Australia wamesema bila kuficha kwamba kilonyutoni 35 ni nyingi mno kwa mfupa wa binadamu. Tena pedi haizuii mguu kupindwa, wala haibebi pikipiki yenye madumu ya mawese inayoulalia mguu.

Kichwa kinatangulia. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kaske, yaani kofia ngumu ya pikipiki, inapunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hakuna pedi ya goti inayokaribia hapo, kwa hiyo mwenye fedha ya kitu kimoja anunue kaske. Kumbuka pia kwamba povu la kaske huokoa kwa kupondeka, na likipondeka limekwisha, hata kama ganda la nje linang'aa.

Baada ya kaske, pedi za magoti ndizo za kufikiria, kwa sababu zinafungwa juu ya suruali yoyote na hazimfungi mtu ndani ya jaketi zito kwenye joto letu. Nyingine zinaletwa na mitumba, zimesahaulika ndani ya nguo za Ulaya. Itoe kwenye mfuko wake, uigeuze. Utaona picha ndogo ya mtu juu ya pikipiki, namba EN 1621-1, tarakimu 1 au 2, na herufi: S ni bega, E kiwiko, H nyonga, K goti, na K+L ni goti pamoja na muundi. Ikunje kwa vidole gumba vyote viwili. Ikitoa unga au mpasuko, iache. Aina nyingi za poliyurethani huvunjwavunjwa na unyevu na joto, hata zikiwa zimekaa kabatini bila kuguswa, ndiyo sababu soli za viatu vya zamani humomonyoka mguuni.

Na pedi nzuri isiyokaa mahali pake haina faida. Mtu akikaa kwenye pikipiki suruali hupanda, na pedi iliyokuwa gotini akiwa amesimama inajikuta pajani. Fundi wa cherehani anayeishonea mfuko ampime motari akiwa amekaa, goti limekunjwa, miguu iko mahali pa kukanyagia. Mfuko uwe upande wa ndani, wenye kubana, na ukanda mmoja chini ya goti na mwingine juu yake, ili pedi isizunguke ardhi inapoivuta suruali.