NIDHAMU YA KINGA YA MWILI



Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, mwendo usiozidi kilometa 50 kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na sasa yakaliwa na watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Miongoni mwa maradhi yanayowasumbua ni malaria, ambayo haimbagui mkimbizi, mwenyeji wala askari wa doria.

Katika mahali kama hapo, watu wawili waweza kuambukizwa usiku mmoja. Aliyekulia penye malaria nyingi huendelea na kazi zake. Aliyetoka milimani penye baridi huanguka kwa homa kali. Sehemu ya sababu ni namna kinga ya mwili inavyojizuia.

Vijidudu vya malaria vinapoenea katika damu, chembe nyeupe hutoa kemikali za kuchochea mapambano, ambazo humletea mgonjwa homa na kutetemeka. Kemikali hizo husaidia kuua vijidudu, lakini zikizidi humdhuru mwenye mwili. Hapo ndipo baadhi ya chembe nyeupe hutoa protini zinazoyeyuka katika majimaji ya mwili, zikafika kwenye chembe zinazopigana na kuzipunguza ukali. Mashuhuri kati ya protini hizo ni intalukini-10, iliyotangazwa mwaka 1989 na Tim Mosmann na wenzake huko California, Marekani. Kazi yake yafanana na ya kamanda anayeamuru risasi zisitishwe, ili raia wasiangamie pamoja na adui.

Amri hiyo ikipungua, madhara huonekana. Utafiti wa magharibi mwa Kenya, uliotangazwa mwaka 1999, ulihusisha upungufu wa damu kwa watoto wenye malaria na uchache wa protini hiyo ukilinganishwa na kemikali za uchochezi. Lakini amri ikizidi, adui naye hupata maficho. Utafiti wa Tororo, Uganda, uliotangazwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kwa watoto walioambukizwa mara nyingi, chembe nyingi zilizopambana na malaria zilitoa pia protini hiyo, wala hazikuonekana kuwakinga wasiugue tena. Wataalamu huona hapo sababu mojawapo ya mtu kutembea na vijidudu bila homa, mbu akavichukua na kumpelekea mtoto wa jirani.

Jambo hili lawahusu sana wanajeshi na polisi, ambao kazi yao ni ya kuhamahama. Uzoefu wa mwili hufifia mtu akaapo muda mrefu pasipo malaria; kwa hiyo askari anayerudi alikozaliwa asijidhani yu salama. Hata chanjo, ambayo watoto wa Malawi walianza kupewa tarehe 23 Aprili 2019 huko Mitundu, wilayani Lilongwe, haikuondoa haja ya chandarua.

Hapana budi kila askari alale ndani ya chandarua, apimwe mapema ajisikiapo vibaya, na amalize dawa zote alizoandikiwa hata homa ikiisha kushuka. Homa kutulia si ushahidi kwamba adui ameondoka.