Unaenda Wasini? Jua pa kutupa ndoana na pa kuweka mguu

MMEKUWA mkichanga pesa kwenye grupu la WhatsApp tangu Juni. Kila Desemba mpango ni uleule: SGR hadi Mombasa, Diani siku tatu, picha ufuoni, kisha kurudi Nairobi mfuko umetoboka. Mwaka huu kuna msee amekuja na wazo jipya: twende Wasini, tuvue samaki, tuvae miwani tuingie majini tuone matumbawe. Kila mtu ameweka emoji ya moto. Hakuna aliyeuliza swali.

Basi uliza sasa, kabla hujakata tiketi. Bahari ya Wasini ina mpaka ambao hutauona kwa macho. Upande mmoja unatupa ndoana na kuchekelea. Upande wa pili, ndoana hiyohiyo ni kuvunja sheria.

Tuanze na njia. Kutoka Mombasa, matatu za Lungalunga hupita Ukunda na Msambweni. Shuka Kanana, kisha tafuta usafiri mwingine hadi Shimoni. Hapo barabara inaisha. Mbele yako ni mkondo wa bahari, na ng'ambo yake ni Wasini, kisiwa chenye urefu wa kilomita 5 hivi na kisichokuwa na gari hata moja.

Tarehe nazo si za kuchagua ovyo. Wewe unaangalia wikendi, mvuvi anaangalia upepo na mwezi. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Kusi ikishika, kati ya Aprili na Septemba, mawimbi hupanda na maji huchafuka. Tena kuna bamvua: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa na kujaa kwa tofauti inayofika karibu mita 4, na mikondo huwa na nguvu. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, mikondo inapopungua. Kama kuogelea kwako ni kwa kubahatisha, tafuta maji mafu.

Siku ya kuvua utaamshwa gizani. Usitarajie fimbo zinazong'aa kama za kwenye filamu. Utapewa mshipi wa nailoni uliozungushiwa kwenye kipande cha ubao, ndoana, chubwi ya kuuzamisha, na chambo cha ngisi kitakachonuka vidoleni mwako hadi jioni. Unaachilia mshipi hadi chubwi iguse chini, unauinua kidogo, kisha unaulaza juu ya kidole cha shahada na kungoja. Changu akidonoa, utahisi kama mtu anakubishia mlango kwa ukucha. Ukivuta mapema, amekula chambo na kuondoka. Ukichelewa, amejificha kwenye mwamba na mshipi umenasa.

Jambo moja usilifanye: usiuzungushe mshipi mkononi ili uushike vizuri. Kolekole mkubwa akivuta, nailoni inakata nyama.

Baada ya saa mbili labda utakuwa na changu mmoja wa ukubwa wa kiganja. Huyo mrudishe majini, bado ni mdogo. Halafu mtazame nahodha wako. Wewe ukikosa samaki utakula chipsi. Yeye akikosa, nyumba nzima imekosa. Na kusi ikichafuka, kuna siku ambazo chombo chake hakitoki kabisa.

Sasa ule mpaka. Eneo la Kisite-Mpunguti lilitengwa na serikali miaka ya 1970 na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Lina sehemu mbili. Kisite, kilomita 28 za mraba, ni hifadhi kamili: hakuna kuvua, hakuna kuokota kombe, hakuna kubeba kipande cha tumbawe kama zawadi ya mama. Mpunguti, kilomita 11 za mraba, huruhusu uvuvi wa kiasili kama wa mishipi na madema. Juya na bunduki za mishale zimepigwa marufuku kote nchini, kwa hivyo mtu akikupa mojawapo, shuka chomboni.

Fikiria maana yake. Kabla ya kutengwa, Kisite yalikuwa maji ya kuvulia. Babu wa nahodha wako huenda alitupa mshipi palepale utakapokuwa unaelea ukipiga picha. Hoja ya wanaolinda hifadhi ni kwamba samaki wakiachwa wazaane na kukua humo, wengine watavuka mpaka na kuingia katika madema ya wavuvi. Wavuvi nao wameishi na hoja hiyo kwa miaka mingi wakingoja ifike mezani. Wewe mgeni ndiwe sehemu ya jibu, kwa sababu maji waliyoambiwa wayaache, sasa wewe unalipa kuyatazama. Swali ni pesa zako zinaishia kwa nani.

Kiingilio cha KWS lipa mwenyewe kupitia eCitizen, uhifadhi risiti. Chombo, kodi cha watu wa Shimoni, Wasini ama Mkwiro. Ukiona bei ya chini ajabu, uliza ni nini kimekatwa: jaketi za kuokoa maisha ama mshahara wa mabaharia?

Nahodha atakuuliza kama unajua kuogelea. Usimdanganye kwa sababu mamanzi wanasikiliza.

Mimi nilidanganya. Mara ya kwanza kuingia maji ya Kisite nilikataa jaketi, nikavaa miwani na mrija, nikaruka. Dakika mbili za kwanza zilikuwa tamu. Kisha maji yakaingia kwenye miwani, nikameza chumvi, nikashikwa na hofu, nikatafuta mahali pa kusimama. Nikapapata. Chini ya mguu nilihisi kitu kikivunjika kama biskuti. Kijana aliyekuwa akituongoza alinishika mkono, akanirudisha kwenye ngazi, akazamia kutazama nilipokanyaga. Alipoibuka hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Tumbawe ni mnyama, wala si jiwe. Ni maelfu ya vijidudu laini vilivyojijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao huishi mwani mdogo sana unaowapa chakula na rangi. Yale matumbawe ya mviringo hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Nilichovunja kwa sekunde moja kilikuwa na umri wa kwenda shule. Na hayo yaliyobaki yamepita mengi: mwaka 1998, El Niño ilipopasha bahari joto, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yaligeuka meupe na kufa.

Kwa hivyo fanya nisichofanya. Vaa jaketi. Jaribu miwani kwanza ukiwa umeshika ngazi. Tema mate ndani ya kioo, suuza, ukungu hautakusumbua. Pumua polepole kwa mdomo. Lala juu ya maji na uache mwili uelee. Maji yakiingia, inua kichwa, usishushe miguu. Badala ya kujipaka mafuta ya jua mwili mzima, vaa fulana ya mikono mirefu, kwani baadhi ya mafuta hayo hudhuru matumbawe. Pomboo wakitokea, mwambie nahodha asiwakimbize.

Kisha tulia utazame. Utamwona pono, samaki wa rangi za kitenge, akitafuna mwani juu ya mwamba. Humeza na chembe za chokaa, na zinazotoka upande wa pili ni mchanga mweupe. Ndiyo, sehemu ya ule mchanga unaoupenda kwenye Instagram ni kinyesi cha pono.

Mchana, mkishuka kijijini, jisitiri. Bikini zibaki chomboni. Hapa ni kwa Wavumba, Waislamu, na mzee ukimpita bila "shikamoo" umejitambulisha vibaya. Pitia daraja la mbao linalosimamiwa na kina mama wa kisiwa, juu ya bustani ya matumbawe yaliyokauka na mikoko. Lipa kiingilio chao bila kubishania shilingi 50. Na usioge kana kwamba uko hotelini: kisiwa hiki hutegemea sana maji ya mvua.

Sasa rudi kwenye grupu, ufute ile emoji, uandike maswali matatu. Nani hajui kuogelea, aseme ukweli? Mwezi utakuwa wapi tarehe hizo? Nahodha ni wa wapi, na ana jaketi ngapi?

Yule msee aliyeleta wazo akikosa majibu, mpe namba ya mtu wa Shimoni apige simu kabla ya kukusanya doo zaidi.